Kufundisha Kinga ya Mwili: Mfano wa Askari Hautoshi

Katika shule nyingi za msingi za nyanda zetu za juu kusini, somo la kinga ya mwili huanza na kumalizika kwa sentensi moja: chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili madaftarini, na siku ya mtihani huirejesha kama walivyoipokea. Hatusemi kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Ni mfano mzuri wa kuanzia, na mtoto huushika upesi. Lakini ukiachwa peke yake huleta madhara mawili. Kwanza, humpa mtoto jina la kitu bila kumweleza jinsi watu walivyokitambua, naye huzoea kuipokea sayansi kama apokeavyo hadithi, yaani kwa sababu mkubwa amesema. Pili, humfanya adhani kwamba chembe zote nyeupe ni kitu kimoja na zina kazi moja.

Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa Mbeya na Iringa anao mfano ulio bora zaidi, tena ulio karibu naye. Mfano huo ni ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali, pamoja na kazi ndefu iliyofanywa hapa Afrika Mashariki ya kuzitambua chembe za kinga za ng'ombe kwa kutumia kingamwili zilizotiwa rangi ya kung'aa. Katika makala haya tutaieleza kazi hiyo kwa kadiri mwalimu wa shule ya msingi anavyoihitaji, kisha tutapendekeza namna ya kuifikisha darasani pasipo hadubini wala umeme, na mwishoni tutasema kwa nini jambo hili si la anasa.

UGONJWA UNAOJULIKANA NYUMBANI

Kanuni mojawapo tunayofunzwa vyuoni ni kumtoa mtoto kwenye jambo analolijua na kumpeleka kwenye asilolijua. Mtoto wa Rungwe, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani kando ya migomba, na mtoto wa Mufindi au Njombe, huwa anajua mengi juu ya ng'ombe kabla ya kuingia darasa la kwanza. Amekata majani, amebeba maziwa, amewahi kung'oa kupe sikioni mwa ndama, na amesikia wazee wakizungumzia josho. Huenda ameona pia ng'ombe akishikwa na homa kali, matezi ya chini ya sikio na ya mbele ya bega yakivimba, pumzi zikawa za shida, povu likatoka puani, na mnyama akafa baada ya majuma machache tu. Nyumba iliyotegemea maziwa ya ng'ombe mmoja hukosa sabuni, chumvi na madaftari. Hiyo ndiyo ndigana kali.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu cha chembe moja kiitwacho Theileria parva, nacho huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Waingereza waliuita homa ya pwani ya mashariki, na pwani waliyoikusudia ni hii yetu, kwa kuwa ng'ombe waliosafirishwa kutoka huku ndio walioupeleka kusini mwa Afrika katika miaka ya 1901 na 1902. Kabla ya hapo Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa amekwisha kukiona kijidudu hiki katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam. Lakini alidhani ni hatua ya ukuaji wa kijidudu cha ugonjwa mwingine wa kupe, ule unaomfanya ng'ombe atoe mkojo mwekundu. Ni Arnold Theiler, aliyefanya kazi Afrika Kusini, aliyeonyesha mwaka 1904 kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Ndiyo maana kijidudu kikapewa jina lake.

Mwalimu asilipite jambo hili haraka. Bingwa mwenye hadubini nzuri alitazama vitu viwili vinavyofanana, akavihesabu kuwa kimoja. Kuona ni jambo moja, na kutambua ni jambo jingine. Mtoto akilishika hili katika kijidudu, atakuwa tayari kulielewa katika chembe za kinga.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi, maana hapo ndipo mfano wa askari unapotuangusha. Kijidudu cha ndigana kali kikishaingia mwilini mwa ng'ombe huzitafuta chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, ambazo ni chembe za kinga zenyewe, huingia ndani yake na kuishi humo. Tena huzilazimisha zigawanyike bila kikomo, na kila chembe inapogawanyika kijidudu nacho hugawanyika pamoja nayo. Matezi yanayovimba yamejaa chembe za namna hiyo. Askari amegeuzwa kuwa nyumba ya mwizi. Hata hivyo, ng'ombe wachache hupona, na aliyepona huwa na kinga imara dhidi ya aina ile ya kijidudu iliyomwugua. Ni nani basi aliyewaua wezi waliojificha ndani ya askari? Ni limfosaiti nyingine, ambayo chini ya hadubini inafanana kabisa na ile iliyotekwa. Hapo mwanafunzi hodari atauliza: mwalimu, mmejuaje?

Swali hilo ndilo tunalotaka liulizwe, na mwalimu awe na jibu.

CHEMBE ZINAZOFANANA NA ALAMA INAYOZITENGA

Limfosaiti ikipakwa rangi za kawaida za maabara huonekana kama duara dogo lenye kiini kikubwa kilichoijaza karibu yote. Iliyo na kazi ya kutengeneza kingamwili, iliyo na kazi ya kuua chembe zilizoingiliwa, na iliyo na kazi ya kuzisaidia nyingine, zote huonekana hivyo hivyo. Zinatofautiana kwa protini ndogo ndogo zilizochomoza juu ya ngozi yake, ambazo jicho halizioni hata likisaidiwa na hadubini ya kawaida.

Njia ya kuzifichua protini hizo ilitoka katika kinga yenyewe. Mwili unapoingiliwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, yaani protini inayokishika kitu hicho na kukiacha kingine, kama ufunguo unaofungua kufuli moja tu. Mwaka 1941, huko Marekani, Albert Coons na wenzake waliifunga kingamwili na rangi ya kung'aa, wakaonyesha kwamba kingamwili haikupoteza uwezo wake wa kushika. Kila iliposhika, rangi ilikuwapo; na kila rangi ilipokuwapo, mwanga maalumu uliifanya ing'ae. Kitu kisichoonekana kikajitangaza chenyewe.

Rangi za namna hii zina tabia ya kupokea mwanga wa aina moja na kutoa mwanga wa aina nyingine. Iliyotumika sana hupokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Mwanachuo asiyepata kuliona jambo hili na aende duka lolote la mjini Mbeya au Iringa lenye taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Chini ya taa hiyo noti halali huonyesha alama ambazo mchana hazionekani. Alama zilikuwapo wakati wote. Kilichokosekana ni mwanga wa kuziamsha.

Palikuwa na tatizo moja. Mnyama akichanjwa hutengeneza kingamwili za aina nyingi kwa pamoja, na mchanganyiko huo haufai kutenga vitu vinavyokaribiana. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kugawanyika. Chembe iliyozaliwa na muungano huo iliweza kukuzwa maabara na kutoa kingamwili za aina moja tu, bila kikomo. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Wakati huo huo, kule Stanford, Leonard Herzenberg na wenzake walikuwa wametengeneza mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya mwanga wa leza, ikahesabu zinazong'aa na kuzitenga na zisizong'aa. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris wakakubaliana kuzipa namba protini zilizofichuliwa kwa njia hii, na namba hizo zikatanguliwa na herufi CD. CD4 na CD8 ni miongoni mwa namba hizo.

KAZI ILIYOFANYWA KWETU

Tusidhani kwamba mambo haya yaliishia Ulaya na Marekani. Mwaka 1972, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, kilichokuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, watafiti walikwisha kutangaza kipimo cha ndigana kali kinachotumia kingamwili zenye rangi ya kung'aa. Mwaka 1973 ilianzishwa jijini Nairobi maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyojulikana kwa kifupi chake, ILRAD. Ndigana kali ilikuwa moja ya magonjwa mawili iliyopewa kuyashughulikia. La pili ni nagana. Mwaka 1994 maabara hiyo iliunganishwa na kituo kingine kikazaliwa ILRI, ambayo ingali Nairobi.

Watafiti wa ILRAD walikutana na kikwazo kinachostahili kuelezwa kwa wanafunzi. Kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya chembe za binadamu au za panya aghalabu hazizishiki chembe za ng'ombe. Kila mnyama ana kufuli zake. Ikawalazimu kuwachanja panya kwa chembe za ng'ombe na kutengeneza funguo mpya. Ndivyo zilivyopatikana kingamwili kama IL-A12, inayoishika CD4 ya ng'ombe, na IL-A51, inayoishika CD8 yake. Herufi mbili za mwanzo ni kumbukumbu ya maabara zilikozaliwa, na kingamwili hizo zimetumiwa na watafiti wa nchi nyingi.

Kwa zana hizo swali letu likaweza kujibiwa. Mwaka 1981 ilikwisha kuonyeshwa kwamba kinga dhidi ya ndigana kali inaweza kuhamishwa kutoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa pacha wake kwa njia ya chembe. Walichaguliwa mapacha wa kufanana, kwa sababu mwili wa mmoja hauzikatai chembe za mwingine. Lakini zilikuwa chembe zipi katika mchanganyiko ule? Mwaka 1994 watafiti wa Nairobi walitangaza jibu. Walizitambua na kuzitenga chembe za ndama mwenye kinga, wakampa pacha wake ambaye hakuwa nayo, na kinga ikahama pamoja na kundi la CD8. Wauaji wa wezi wakawa wametambulikana.

Tunaomba mwanachuo azingatie mpangilio wa hatua hizi, kwa kuwa ndio kiini cha hoja yetu. Hatua ya kwanza ni kutia alama. Ya pili ni kutenga kwa kufuata alama. Ya tatu ni kupima kazi ya kundi lililotengwa. Alama peke yake hutuambia kwamba chembe hii ni ya ukoo fulani. Haituambii inafanya nini. Mtu akivaa sare ya udereva hajawa dereva machoni petu mpaka tumwone akiendesha. Sentensi ya askari huruka hatua zote tatu na kumpa mtoto hitimisho, kama mtu anayempa mwenzake jibu la hesabu bila njia.

Liko jambo la nne, nalo ni ulinganisho. Mtafiti mwangalifu haamini kila kinachong'aa. Huchukua chembe zile zile akazitia kingamwili nyingine yenye rangi ile ile, ambayo anajua haina cha kushika pale. Zikingʼaa nazo, hujua kwamba rangi imenata ovyo, na matokeo yake hayana maana. Tabia hii ya kujishuku mwenyewe kabla ya kutangaza ndiyo inayotenganisha utafiti na ubashiri, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuizoea.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Tunapendekeza vipindi viwili, kwa vifaa ambavyo shule yoyote ya kijijini inaweza kuvipata. Siku mbili kabla ya somo, mwalimu afinyange vidonge 30 vya udongo, kila kimoja ukubwa wa gololi, vyote kwa udongo ule ule. Katika vidonge 9 atie kipande kidogo cha msumari, akifiche kabisa, kisha avikaushe vyote kivulini. Atafute pia sumaku. Spika ya redio iliyoharibika inayo. Akiwa na wanafunzi wengi, atengeneze seti mbili au tatu.

Kipindi cha kwanza kianze na ndigana kali. Mwalimu awaulize wanafunzi wanachokijua, awasikilize, aandike ubaoni dalili walizoziona wao, ndipo aeleze habari za kupe na kijidudu. Kisha avimwage vidonge mezani na kusema: hizi ni chembe nyeupe za ng'ombe, baadhi ni wauaji wa kijidudu, nyingine sivyo, zitengeni. Wanafunzi watavitazama, watavipima mkononi, watabishana. Awaache wabishane. Wengine watadai kwamba wamevijua kwa uzito au kwa rangi. Awaulize kila mmoja: umejuaje? Aandike makisio yao ubaoni bila kuyasahihisha.

Kipindi cha pili alete sumaku. Kabla ya kuigusisha na vidonge vya mezani, wanafunzi waijaribu kwa kidonge ambacho wamekifinyanga wenyewe na wanajua hakina msumari. Huu ndio ulinganisho tuliousema. Usidharauliwe, hasa Rungwe, ambako udongo wa volkano huweza kuwa na chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku. Kidonge kitupu kikivutwa, somo halijaharibika. Limekuwa bora zaidi. Wanafunzi wenyewe watagundua kwamba alama yao inanata ovyo, na watatafuta udongo mwingine.

Sumaku ikishaaminika, vidonge vipimwe kimoja kimoja, na kila kinachovutwa kipakwe chaki ya rangi. Sumaku ni mfano wa kingamwili: inashika kinachoifaa na kuacha kingine. Chaki ni mfano wa rangi ya kung'aa: yenyewe haichagui kitu, bali hutuonyesha palipochaguliwa. Vidonge vihesabiwe na asilimia ikokotolewe, kama 9 kati ya 30 ni asilimia 30, na hapo somo la hisabati litakuwa limeingia bila kubisha hodi. Mwisho vidonge vichache vya kila kundi vivunjwe ili kuhakikisha. Kisha mwalimu aulize: je, sasa tunajua kwamba vyenye msumari ndivyo vinavyoua kijidudu? Darasa likinyamaza, ndio wakati wa kusimulia habari za ndama mapacha.

Mwalimu asisahau kutaja mipaka ya mfano wake. Msumari umo ndani ya kidonge, ilhali protini inayoshikwa na kingamwili imo juu ya ngozi ya chembe. Sumaku huvuta chuma chochote, ilhali kingamwili huchagua zaidi ya hapo. Kila mfano una mahali unapokoma kufanana na jambo lenyewe, na mwalimu anayewaonyesha wanafunzi mahali hapo huwafundisha zaidi ya anayepaficha. Apende pia kuwaambia kwamba mfano huu haukutoka mbali: ziko maabara ambazo kingamwili hufungwa na punje ndogo sana za chuma badala ya rangi, na chembe zilizoshikwa huvutwa kwa sumaku ya kweli.

Yawezekana mwanafunzi akauliza kama wale ndama waliumia. Asinyamazishwe. Ukweli ni kwamba katika majaribio ya chanjo wanyama huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, na baadhi huugua au kufa. Ni ukweli pia kwamba kujua ni chembe zipi zinazoleta kinga husaidia kutafuta chanjo. Chanjo iliyopo, iliyotokana na kazi ya Muguga, humtia ng'ombe vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu. Inafanya kazi, lakini huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi kali sana, jambo ambalo ni gumu kwa mfugaji wa kijijini. Nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mwalimu aziweke pande zote mbili mbele ya darasa na kuliacha lipime.

KWA NINI SI ANASA

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa shule ya msingi, muhtasari umejaa, na hadubini hakuna. Kuhusu uzito, hatupendekezi mtoto akariri IL-A12. Tunapendekeza ajue kwamba vitu vinavyofanana vinaweza kutengwa kwa alama inayochagua, na kwamba alama lazima ijaribiwe. Kuhusu muhtasari, kinga ya mwili imo tayari. Tunachobadili ni namna ya kuifundisha. Kuhusu hadubini, vidonge vya udongo havihitaji fundi.

Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Katika mikoa yetu neno CD4 halikubaki maabara. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2016 na 2017 uliikuta Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, ikiwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa asilimia 11.3 na Mbeya asilimia 9.3. Kwa miaka mingi, kabla ya Tanzania kuanza mwaka 2016 kumpa dawa kila aliyeambukizwa, mgonjwa alisubiri kuhesabiwa CD4 ndipo aanzishiwe matibabu. Watu walisema vibarazani kwamba CD4 za fulani zimeshuka au zimepanda. Wengi walilitamka neno hilo bila kujua kwamba ni namba ya protini iliyo juu ya chembe, na kwamba hesabu yake ilipatikana kwa njia ile ile iliyotumika kwa ng'ombe: kingamwili, rangi na mwanga. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba VVU huwaua askari wa mwili hubaki na picha ya jeshi lililokwisha. Aliyefundishwa kwamba ziko koo mbalimbali za chembe, kwamba virusi hivyo huishambulia hasa yenye CD4, na kwamba dawa huiacha iongezeke tena, hubaki na picha iliyo sahihi zaidi, tena yenye matumaini. Darasani mwetu huenda wamo watoto wanaotumia dawa hizo. Mwalimu asiwatafute wala asiwaonyeshe kidole. Lakini akumbuke kwamba wanamsikiliza.

Aidha, damu huchukuliwa sana katika nyanda hizi. Mjini Mbeya kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Iringa kipo kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari. Wataalamu hufika vijijini wakaomba damu ya watu na ya mifugo, na nyuma yao hufuata minong'ono. Hadithi za mumiani, mnyonya damu za watu, zimeenea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na hazikuzuka bure. Zilikua mahali ambapo damu ilichukuliwa na maelezo hayakutolewa. Mtu ambaye hakuambiwa damu yake inakwenda wapi hujaza pengo hilo kwa alichonacho.

Kijiji kikipata wasiwasi wa namna hiyo, aghalabu mwalimu ndiye huulizwa. Naye hawezi kuuondoa kwa kuwacheka wazee, wala kwa kuwaambia wawatii wataalamu. Hatuwafundishi watoto kinga ya mwili ili watoe mikono yao bila kuuliza. Tunawafundisha ili waulize vizuri: mnachukua damu kiasi gani? Mnatafuta nini ndani yake? Mtakitambuaje? Mtatuletea majibu lini? Mtu mzima ana haki ya kuuliza maswali hayo kwa ajili yake na kwa ajili ya ng'ombe wake, na ana haki ya kukataa damu yake isichukuliwe kwa utafiti. Anayejua jinsi chembe inavyotiwa alama na kuhesabiwa hatamwogopa mwenye sindano kwa sababu ya uvumi, wala hatamkubalia kwa sababu ya koti jeupe tu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanachuo wa ualimu, hasa mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu. Sentensi ya askari iandikeni ubaoni, kwa kuwa imo vitabuni na mtoto ataulizwa. Lakini kabla hamjaifuta, mwambieni mtoto yeyote ainuke awaulize ninyi: mwalimu, umejuaje? Kisha toeni vidonge na sumaku.